Nyumba ya Hifadhi Si Jambo Geni kwa Waislamu



Mwezi huu mtukufu jirani akibisha hodi wakati wa futari, tunamkaribisha bila maswali. Lakini akibisha saa sita usiku, mama mwenye watoto wawili, uso umevimba kwa kipigo cha mumewe, je, tunamfungulia? Wengi wetu tutamwambia, "Rudi dada, vumilia tu, hayo ni ya nyumbani." Na ukitaja nyumba ya hifadhi, mahali pa kumlaza mama kama huyo mpaka awe salama, hukosi kusikia, "Aah, hayo ni mambo ya wazungu!" Hebu basi tuiulize historia.

Tuanze Madina. Habiba binti Sahl (r.a.) alipigwa na mumewe, Thabit bin Qays (r.a.), mpaka akaumizwa vibaya, kama alivyopokea Abu Daud. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.) baada ya Alfajiri. Mtume hakumwambia arudi akavumilie. Alimwita mume, akaamuru apokee mali aliyompa mkewe kama mahari, na amwache. Imepokewa pia kwamba Habiba alikwenda kukaa kwa watu wake. Zingatia mambo mawili: alikuwa na mlango wa kubisha, na alikuwa na pa kulala.

Je, mwanamke asiye na kwao? Jibu liko Misri. Mwaka 1285 (684 Hijria), Tadhkarbay Khatun, binti wa Sultan Baybars, alijenga mjini Kairo nyumba iliyoitwa Ribat al-Baghdadiyya, akamkabidhi mwanachuoni wa kike, Sheikha Zaynab. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 1442, ameandika kwamba wanawake walioachika au kutelekezwa walikaa humo kwa hifadhi mpaka waolewe tena au warejee kwa waume zao. Kulikuwa na mwalimu wa kike aliyewapa mawaidha na kuwafunza dini. Haya yote karne nyingi kabla ya NGO yoyote!

Lakini soma mpaka mwisho. Al-Maqrizi anaeleza kwamba nchi ilipopatwa na misukosuko kuanzia mwaka 806 Hijria, nyumba ile nayo ikadorora. Funzo ni kwamba nia njema ya siku moja haitoshi. Hifadhi inahitaji kipato cha kila mwezi na wasimamizi waaminifu.

Sasa turudi kwetu Machakos. Misafara ya pwani ilipumzika hapa hata kabla ya kampuni ya Waingereza kuweka kituo chake mwaka 1889. Kupokea mgeni ni desturi ya mji huu, na mgeni wa leo ni yule mama wa usiku. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanawake 34 kati ya kila 100 nchini Kenya wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Tusijidanganye kwamba nyumba za Waislamu hazimo.

Sheria ipo. Katiba ya 2010 inakataza ukatili hata ndani ya nyumba, na sheria ya mwaka 2015 inairuhusu mahakama kutoa amri ya kumlinda anayeteswa. Kadhi naye anaweza kuivunja ndoa. Lakini amri haitoki usiku huo huo, na karatasi si kitanda. Nyumba za hifadhi nchini ni chache, nyingi zinaendeshwa na mashirika yanayotegemea wafadhili, na zikijaa mama hurudi kule kule alikokimbia.

Ndiyo maana kuzipanua ni kazi yetu. Mwenye duka anaweza kuweka wakfu kodi ya chumba kimoja. Zaka ya fukara na maskini inamfikia mama aliyetoka na kanga tu. Kijana fundi, tengeneza vitanda. Dada uliyesomea sheria au uuguzi, toa siku moja kwa wiki. Na wote tufunge midomo: siri ya mahali nyumba ilipo ndiyo kufuli yake.

Ewe kijana, usingoje binti wa Sultani. Ukimaliza futari leo, kaeni kama familia mjiulize: akibisha usiku huu, tutampeleka wapi?

Allah (S.W.) atutakabalie saumu zetu na atujaalie kuwa hifadhi kwa wanaodhulumiwa. Amin.