Mfuko wa kulalia wa manyoya

Mfuko wa kulalia wa manyoya ni mfuko wa kitambaa chepesi uliojazwa manyoya laini ya bata au bata bukini. Mpanda mlima huingia ndani yake usiku ili kujikinga na baridi. Aina nyepesi kabisa hutengenezwa kwa ajili ya safari za milimani ambako kila gramu hubebwa mgongoni: baadhi huwa na uzito wa karibu kilogramu 1 tu na bado hufaa kwa usiku wenye joto la chini ya nyuzi 0 za Selsiasi.

Katika Afrika ya Mashariki mifuko hii hutumika hasa kwenye milima ya Kilimanjaro, Meru, Kenya na Ruwenzori, pamoja na nyanda za juu za Ngorongoro kaskazini mwa Tanzania. Watu wengi huifahamu kwa jina la "slipingbegi".

## Namna unavyofanya kazi

Mfuko wa kulalia hauzalishi joto. Joto lote hutoka kwenye mwili wa anayelala, na kazi ya mfuko ni kulizuia lisipotee haraka. Kinachozuia hasa si manyoya yenyewe bali hewa iliyonaswa kati yake. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana, kwa hiyo kadiri tabaka la hewa linavyokuwa nene ndivyo mfuko unavyokuwa na joto zaidi.

Manyoya yanayotumika ni yale ya ndani, yaliyo karibu na ngozi ya ndege, hasa kifuani. Tofauti na manyoya ya nje, hayana bua gumu: kila moja ni kishada chenye nyuzi nyembamba zinazotawanyika pande zote. Vishada hivyo hubanwa kwa urahisi na kuingia katika nafasi ndogo, kisha vikiachiliwa huumuka tena. Ndiyo sababu mfuko mmoja unaweza kubebwa ukiwa na ukubwa wa mkate na usiku ukawa mnene kama godoro.

Jambo hilo lina upande wa pili. Manyoya yaliyo chini ya mgongo hubanwa na uzito wa mwili na kupoteza hewa yake, hivyo hayazuii baridi ya ardhini. Mtu anayelala kwenye mfuko bora bila godoro la sponji au la kujazwa upepo atahisi baridi kutoka chini usiku kucha.

## Muundo

Mifuko ya baridi kali huwa mipana mabegani na myembamba miguuni, ili hewa ya kupashwa joto iwe kidogo. Juu huwa na kofia inayofunika kichwa na kuacha tundu la pua na mdomo. Shingoni huwa na ukosi uliojazwa manyoya, na nyuma ya zipu huwa na mkunjo unaoziba upepo.

Kitambaa huwa ni nailoni nyembamba iliyofumwa kwa kubana ili manyoya yasipenye. Unene wa uzi wake hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Mifuko myepesi sana hutumia uzi wa denia 10 au hata chini yake. Kitambaa hicho huchanika kwa urahisi kikikutana na mwiba au cheche ya moto.

Ndani mfuko hugawanywa katika vyumba ili manyoya yasikusanyike upande mmoja. Katika mifuko ya bei nafuu kitambaa cha juu na cha chini hushonwa pamoja, na baridi hupita kwenye mstari wa mshono. Katika mifuko ya milima mirefu vitambaa hivyo viwili hutenganishwa na kuta ndogo za wavu, hivyo manyoya huwa na unene karibu sawa kila mahali.

## Vipimo

### Uwezo wa kuumuka

Ubora wa manyoya hupimwa kwa kuweka aunsi 1 (gramu 28 hivi) ndani ya mcheduara chini ya uzani mwepesi, kisha kusoma ujazo wake kwa inchi za ujazo. Manyoya ya kawaida hufikia 550 hadi 650, na yale bora hufikia 800, 900 au zaidi. Manyoya ya daraja la 800 hujaza takriban lita 13 kwa aunsi moja, na yale ya daraja la 600 hujaza chini ya lita 10.

Namba hii peke yake haionyeshi joto la mfuko. Mfuko wenye manyoya machache ya daraja la 900 unaweza kuwa na baridi kuliko mfuko wenye manyoya mengi ya daraja la 650. Daraja la juu hupunguza uzito unaohitajika kufikia joto lilelile.

### Viwango vya joto

Ulaya ilianzisha kiwango cha pamoja cha EN 13537 mwaka 2002, ambacho baadaye nafasi yake ilichukuliwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 23537. Mfuko hupimwa kwa sanamu ya mtu yenye vipasha joto na vihisio, ikiwa imelazwa juu ya godoro. Matokeo muhimu ni matatu:

- Joto la starehe: mwanamke wa kawaida anaweza kulala vizuri akiwa amejinyoosha.
- Kikomo: mwanamume wa kawaida anaweza kulala akiwa amejikunja, bila kutetemeka.
- Hatari: mwanamke wa kawaida anaweza kunusurika kwa saa sita, lakini akiwa katika hatari ya hipothemia, yaani joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35.

Mnunuzi au mkodishaji anayesoma namba ya tatu na kudhani ni ya kwanza anaweza kujikuta matatani mlimani. Aidha, vipimo hivi haviwezi kuhesabu uchovu, njaa na athari za kimo, ambazo zote hupunguza uwezo wa mwili kujipasha joto.

## Manyoya na nyuzi za viwandani

Mifuko mingine hujazwa nyuzi za poliesta. Kwa kiwango kilekile cha joto, mfuko wa poliesta kwa kawaida huwa mzito na mkubwa zaidi, lakini ni wa bei nafuu na hauhitaji uangalifu mkubwa.

Tofauti kubwa iko kwenye maji. Manyoya yakilowa hushikana, huacha kuumuka na kupoteza karibu uwezo wake wote wa kuhifadhi joto, tena hukauka polepole. Poliesta iliyolowa hubaki na sehemu ya unene wake. Kwa sababu hiyo kwenye Milima ya Ruwenzori, ambako mvua na matope ni vya kawaida, mfuko wa manyoya huhitaji kufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Tangu miaka ya 2010 viwanda kadhaa huyapaka manyoya dawa ya kufukuza maji. Dawa hiyo huchelewesha kulowa lakini haizuii kabisa.

Unyevu hutoka pia kwa anayelala. Jasho hupenya kwenye manyoya, na mtu anayepumulia ndani ya mfuko huongeza maji zaidi. Katika safari ya siku nyingi mfuko unaweza kupungua joto kila usiku bila mvua hata moja kunyesha, usipoanikwa juani.

## Historia

Mpanda milima Mwingereza Francis Fox Tuckett alijaribu mfuko wa kulalia wa blanketi wenye sehemu ya chini ya mpira katika milima ya Alpi mwaka 1861. Mwaka 1876 mfanyabiashara Pryce Pryce-Jones wa Welisi alipata hataza ya blanketi la sufu la kukunjwa lililoitwa Euklisia Rug.

Katika safari za ncha ya kusini mwanzoni mwa karne ya 20 mifuko ya ngozi ya kulungu wa kaskazini ilitumika sana. Katika safari ya majira ya baridi ya mwaka 1911, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard waliona mifuko yao ikijaa barafu kutokana na jasho na pumzi, ikawa mizito na migumu hata kuingia ndani yake ikawa kazi.

Mwaka 1922 George Finch alivaa mlimani Everest koti alilolibuni mwenyewe, la kitambaa cha puto lililojazwa manyoya ya bata aitwaye eider. Koti hilo lilionyesha kuwa manyoya yangeweza kumkinga mtu hata kwenye kimo kikubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nailoni ilipatikana kwa wingi, na mifuko ya manyoya ikawa myepesi zaidi.

## Matumizi nchini Tanzania

### Nyanda za juu za Ngorongoro

Wilaya ya Ngorongoro, ambayo makao yake makuu yako Loliondo, ina maeneo yenye baridi ambayo wageni wengi hawaitarajii karibu na ikweta. Joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mtu anayetoka Karatu, kwenye kimo cha takriban mita 1,500, na kupanda Loolmalasin, wenye zaidi ya mita 3,600, anaweza kutarajia tofauti ya nyuzi 13 au 14, bila kuhesabu upepo. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye usiku wa baridi zaidi.

Wenyeji wana njia zao za kukabili baridi hiyo. Katika enkaji, nyumba ya Kimaasai, watu hulala juu ya ngozi ya ng'ombe karibu na moto, wakijifunika shuka na blanketi. Ngozi huzuia baridi ya ardhini kama godoro la mpanda mlima, na chumba kidogo huhifadhi joto la watu na moto. Mgeni anayelala hemani hana moto wala kuta nene, hivyo hutegemea mfuko wake peke yake.

Njia inayojulikana ya matembezi huanza Nainokanoka, hupita kasoko za Olmoti na Empakaai, kisha huteremka hadi Ngare Sero kando ya Ziwa Natron. Mara nyingi punda wa Wamaasai hubeba mizigo. Mfuko wa baridi kali unaohitajika juu huwa na joto kupita kiasi Ngare Sero, kwenye kimo cha takriban mita 600. Huko wasafiri huufungua zipu yote na kuutumia kama blanketi.

Ol Doinyo Lengai (mita 2,962) kwa kawaida hupandwa usiku na kuteremkwa asubuhi. Kwa hiyo mpandaji huuacha mfuko kambini na kuhitaji zaidi koti la kuzuia upepo.

### Kilimanjaro na Meru

Kwenye Kilimanjaro (mita 5,895) wapandaji wengi hulala usiku wa mwisho kabla ya kilele katika Kibo au kambi ya Barafu, zote zikiwa juu ya mita 4,600. Hapo joto huweza kushuka chini ya nyuzi -10. Safari ya kileleni huanza karibu na saa sita usiku, hivyo saa chache za usingizi huamua nguvu za mpandaji. Kampuni nyingi za Moshi na Arusha hukodisha mifuko kwa wasiokuwa nayo.

### Mzigo na wapagazi

Wepesi wa mfuko si suala la mwenye mfuko pekee, kwani Kilimanjaro mizigo mingi hubebwa na wapagazi. Kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilogramu 20, na mizigo hupimwa kwenye mizani malangoni. Katika kundi la wageni kumi, tofauti ya kilogramu 1 kwa kila mfuko ni kilogramu 10, yaani nusu ya mzigo wa mtu mmoja.

Mpagazi naye hulala kwenye kimo kilekile na katika baridi ileile. Mfuko bora wa manyoya una bei kubwa ikilinganishwa na malipo ya safari moja, kwa hiyo wapagazi wengi hutumia mifuko ya poliesta iliyotumika au mablanketi. Mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, unaojulikana kwa kifupi KPAP na ulioanza mwaka 2003, huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo na hufuatilia jinsi kampuni zinavyowalipa, kuwalisha na kuwalaza.

## Utunzaji

Kambini mfuko hutolewa na kukung'utwa mapema ili manyoya yaumuke kabla ya kulala. Anayeingia akiwa amepoa sana hubaki na baridi. Hivyo ni vizuri kwanza kula, kunywa kitu cha moto na kuvaa soksi kavu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri husaidia.

Nyumbani mfuko hauhifadhiwi ukiwa umebanwa, bali hutundikwa au kuwekwa katika mfuko mkubwa wenye kupitisha hewa. Hufuliwa mara chache, kwa sabuni laini, kisha hukaushwa kwa joto dogo huku madonge ya manyoya yakitenganishwa kwa mkono.

## Asili ya manyoya

Manyoya mengi hupatikana kutokana na bata na bata bukini wanaofugwa kwa ajili ya nyama, na China ndiyo mzalishaji mkubwa zaidi. Watetezi wa wanyama wamepinga desturi ya kuwanyonyoa ndege wakiwa hai. Mwaka 2014 ulianzishwa mfumo wa uthibitisho uitwao Responsible Down Standard, unaokataza desturi hiyo pamoja na kuwalisha ndege kwa nguvu.

## Tazama pia

- Hipothemia
- Mlima Kilimanjaro
- Ol Doinyo Lengai
- Wilaya ya Ngorongoro