Chang'aa: kabla hujapiga makofi kwa jukwaa, soma hii stori yote

1. Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme atamaliza chang'aa "ndani ya wiki mbili". Watu wanapiga makofi. Mwingine anapanda, anasema mama mboga na mama pima waachwe watafute riziki. Watu wale wale wanapiga makofi tena. Wacha leo tuongee polepole. Sitataja mwanasiasa wala chama. Nataka tujue hii vita ilianza wapi, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

2. Kwanza tuelewe kitu chenyewe, kwa sababu wengi wanaopiga kelele hawajawahi kuona pipa. Chang'aa huanza kama kangara. Ile ya haraka kabisa ni maji, sukari (au sukari nguru) na hamira. Hamira inakula sukari na kutoa vitu viwili: ethanoli, ambayo ndiyo kileo, na hewa ya kaboni, ndiyo ule mchemko unaouona bila moto. Kilo moja ya sukari ikiliwa yote inatoa takriban nusu kilo ya ethanoli. Inayobaki karibu yote inapotea kama hewa.

3. Mchemko ukiisha, kangara bado ni ya mawingu. Hiyo rangi ni hamira iliyochoka, inaelea. Ukiiacha itulie siku kadhaa mahali pa baridi, inashuka chini kama matope na juu kunabaki maji safi. Mpishi mwenye subira anachota ya juu na kuacha masimbi. Asiye na subira anapika yote pamoja, masimbi yanaungua chini ya pipa, na pombe inatoka na harufu mbaya. Shika hilo neno subira. Tutalirudia.

4. Sasa historia. Wazee wetu walikuwa na pombe zao: busaa kule Magharibi na Nyanza, muratina Mlima Kenya, mnazi Pwani. Zote ni za kuchachuka tu, hazipikwi zikatoneshwa. Zilikuwa na mahali pake: mahari, matanga, kazi ya pamoja shambani. Pombe kali ya kutoneshwa Nairobi inahusishwa sana na Wanubi, askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza na kupewa makao Kibera mwanzoni mwa karne ya 20. Jini yao ilijulikana mji mzima.

5. Mkoloni alikuwa na sheria tayari. Mkataba wa Brussels wa 1890, halafu ule wa Saint-Germain wa 1919, yote ililenga kuzuia pombe kali isiwafikie Waafrika. Angalia vizuri: si watu wote, ni Waafrika. Mzungu alikunywa whisky yake klabuni bila shida. Mwafrika akipatikana na kikombe cha kitu hicho hicho, ni korokoroni. Kwa hivyo sheria yetu ya pombe haikuanzia kwa afya. Ilianzia kwa rangi ya ngozi.

6. Halafu pesa ikaingia. Miaka ya 1920, manispaa ya Nairobi ilijipa haki ya peke yake ya kuwauzia Waafrika pombe ya kienyeji, ikafungua ukumbi wa pombe Pumwani. Faida ikatumika kugharamia huduma za Waafrika hao hao. Yaani mwanamke aliyepika nyumbani kwake Pumwani alikuwa mhalifu, lakini baraza la mji likiuza, hayo ni maendeleo. Kutoka siku hiyo, swali la Kenya halijawahi kuwa tu "pombe ni mbaya?" Limekuwa pia "nani anaruhusiwa kuuza?"

7. Hao wanawake walikuwa nani? Wengi walikuja mjini bila mume, bila shamba, na kazi za ofisini na za reli zilikuwa za wanaume. Pipa, sukari na kuni vilikuwa mtaji ambao mtu angeweza kuupata. Baada ya Uhuru ikawa hivyo hivyo Mathare: busaa na chang'aa zikalipa kodi ya nyumba na karo. Mimi nimekulia kwa ploti iliyokuwa na mama pima. Watoto wake walisoma. Pia nilimwona jirani yetu akibebwa kwa blanketi kutoka kwake asubuhi moja, na hakurudi. Zote mbili ni kweli, na mtu akikuambia moja tu, jua anatafuta kura.

8. Mwaka wa 1980 Bunge likapitisha sheria maalum ya kupiga marufuku chang'aa. Tulinganishe na jirani. Uganda ilikuwa na pombe kama hiyo, enguli. Mwaka wa 1965 wao walitunga sheria ya leseni: wapishi wauze enguli yao kwa kiwanda, kiwanda kiisafishe na kuiweka kwa chupa. Hapo ndipo waragi ya dukani ilipotoka. Si ati Uganda ilimaliza shida, bado kuna wapishi wa kichakani na bado watu wanakufa. Lakini wao walijaribu kuweka mlango. Sisi tulijenga ukuta.

9. Ukuta ulifanya nini? Turudi kwa ile subira. Kangara inataka siku za kuchachuka na siku za kutulia. Mtu anayeogopa msako hana hizo siku. Anaficha mapipa mtoni, anatumia maji yaliyo karibu hata kama ni ya mtaro, anapika usiku kabla haijatulia. Na kila wiki kuna kitu kidogo cha askari na cha chifu, gharama ambayo lazima itoke mahali. Ukipunguza sukari, kileo kinapungua na wateja wanahama. Basi kuna wale waliotafuta njia ya mkato ya kuongeza makali.

10. Hiyo njia ya mkato ndiyo inaua. Inaitwa methanoli, spiriti ya viwandani. Inafanana na ethanoli kwa macho na karibu kwa harufu. Ndani ya mwili inageuka asidi inayoharibu mshipa wa macho, ndiyo maana watu wanauliza "mbona mmezima taa?" na ni saa sita mchana. Sasa sikiliza hapa: kangara ya sukari yenyewe inatoa methanoli kidogo sana, kwa sababu methanoli ya asili hutokana na pektini ya matunda. Yale maafa makubwa tuliyoona yanahusu methanoli iliyomwagwa ndani na mtu. Mtu aliyeinunua mahali, kutoka kwa mtu.

11. Na tumeona. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi, hasa mitaa ya mabanda, kwa pombe iliyoitwa kumi kumi kwa sababu ya bei yake. 2005 ikawa Machakos. Mei 2014 ikawa kaunti kadhaa kwa mpigo, Embu na Kiambu zikiwemo. Baada ya kila matanga kulikuwa na msako, mapipa yakamwagwa mbele ya kamera, mama kadhaa wakapelekwa kortini. Jiulize ni mara ngapi umesikia aliyeagiza methanoli amefungwa.

12. Mwaka wa 2010 sheria ya 1980 ikafutwa. Sheria mpya ya vileo ikasema chang'aa ni halali ukiwa na leseni, ukifikia viwango, na ukiiweka kwa chupa ya glasi. Bar nazo zikapewa saa: jioni kuanzia saa kumi na moja hadi saa tano usiku siku za kazi. Kwa karatasi ni mlango. Lakini mama wa Mathare atatoa wapi maabara, mashine ya chupa na mhasibu? Waliopita kwa huo mlango ni wenye viwanda, na vijichupa vya bei ya chini vikajaa kila kona. Mwaka huo huo Katiba ikakabidhi kaunti leseni za pombe, kwa hivyo leo kila ngazi ya serikali inalaumu nyingine.

13. Kuna na mambo ya ushuru. Mwaka wa 2004 serikali iliondolea bia ya keg ushuru ili maskini wapate kitu salama badala ya chang'aa. Mwaka wa 2013 nusu ya msamaha huo ikaondolewa, bei ikapanda, mauzo yakaanguka vibaya. Hao wanywaji hawakuokoka ghafla wakaacha pombe. Baadaye serikali ikarudisha msamaha mwingi. Ukisikia mtu anataka kupandisha ushuru wa pombe, usimpinge wala kumuunga mkono kabla hujauliza: bei ikipanda, mnywaji wa mwisho kabisa ataenda wapi?

14. Halafu Februari 2024, Kirinyaga. Watu wasiopungua 17 walikufa. Ilielezwa hadharani kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo kilichotoka mikononi mwa polisi. Rudia kusoma. Kitu kilichonaswa ili kisiue watu kilirudi sokoni, kikaua watu. Mwezi uliofuata wizara ikatangaza hatua zaidi ya 20. Nyingi zilisikika kama zile tulizosikia 2015, nazo za 2015 zilisikika kama za kabla yake.

15. Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani kuongea chang'aa, muulize haya matatu. Moja: methanoli inaingia nchini na kutoka ghalani kwa mkono wa nani, na ni nani anaihesabu? Mbili: vielelezo vya polisi vinaharibiwa lini, mbele ya nani? Tatu: mama pima akiacha leo, Jumatatu anauza nini? Akijibu la tatu kwa neno "wafungwe", hajakujibu.

16. La mwisho, na hili si siasa. Mtu akinywa kitu halafu baada ya saa kadhaa, au hata kesho yake, aone ukungu, atapike, apumue kwa nguvu, usimpe maziwa wala kumlaza "apate usingizi". Mpeleke hospitali haraka na useme wazi alikunywa nini. Methanoli ina dawa kama mgonjwa akifika mapema. Wengi hawafiki mapema kwa sababu waliokuwa naye wanaogopa kushikwa. Hao nao wahesabu kwa ile bei ya ukuta.