Tuusikilize udongo kwa majina yake

Mkenya akisikia kwamba shamba limepimwa, jambo la kwanza linalomjia akilini ni mpaka. Humwona mpimaji na kamba yake, vigingi vilivyochimbiwa pembeni, na hatimaye hatimiliki. Ni nadra adhani kwamba kilichopimwa ni udongo wenyewe: kina chake, rangi yake, jinsi unavyoshika maji na zao linaloufaa. Ilhali upimaji huu wa pili ndio unaoamua iwapo shamba hilo litamlisha mwenyewe. Katika makala haya ninadai kwamba historia ya kupima na kuainisha udongo katika Afrika Mashariki ni historia ya lugha vilevile. Wataalamu waliozingatia majina ambayo wakulima waliupa udongo wao walivuna maarifa. Waliokuja na haraka zao walivuna hasara.

Tuanzie mbali kidogo. Elimu ya kisasa ya udongo huhusishwa na Mrusi Vasily Dokuchaev, aliyechapisha kitabu chake kuhusu udongo mweusi wa Urusi mwaka wa 1883. Alionyesha kwamba udongo si mawe yaliyosagika tu, bali hufanywa na hali ya anga, viumbe, mwamba, umbo la nchi na muda. Lililo muhimu kwetu sisi watu wa lugha ni kwamba katika kutafuta istilahi, Dokuchaev hakukimbilia Kilatini. Aliyachukua maneno ya wanavijiji. Chernozemu ni ‘ardhi nyeusi’ kwa Kirusi. Podzoli inatokana na maneno yenye maana ya ‘chini’ na ‘jivu’, kwani chini ya udongo wa juu mkulima aliona tabaka la rangi ya majivu. Leo maneno hayo ya wakulima hutumiwa na maprofesa duniani kote, na hakuna anayeyaonea haya.

Je, kwetu mambo yalikuwaje? Katika miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa kemia ya udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, aliongoza kazi ya kuchora ramani ya udongo ya Afrika Mashariki. Ramani hiyo ya awali ilitoka mwaka wa 1936, ikiwa na kipimo cha 1:2,000,000. Kilichomtatiza Milne ni kwamba udongo hubadilika mara kadhaa kabla mtu hajamaliza kilomita moja. Utauchoraje kwenye karatasi? Akagundua kwamba mabadiliko hayo yana utaratibu. Ukitoka kilele cha kilima ukateremka hadi bondeni, unakutana na aina za udongo kwa mfuatano fulani, na kilima cha pili kinaurudia mfuatano uleule. Mwaka wa 1935 aliuita mfuatano huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Dhana hiyo ingali inafundishwa vyuoni hadi leo.

Kumbe mnyororo huo ulikuwa na majina tayari! Wasukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria, waliita udongo wa kichanga ulio karibu na miamba luseni. Huo waliupanda mihogo na karanga. Ukishuka unapata itogolo, wenye tabaka gumu chini yake linalozuia maji. Kisha kuna ibushi, udongo mzito wenye chokaa, na mwisho kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Majina hayo hayakuwa ya rangi tu. Yalikuwa ushauri wa kilimo uliofungwa ndani ya neno moja. Ukimwambia mtu kwamba shamba lake ni itogolo, umemwambia pia kwamba maji yatatuama, na huenda majaruba ya mpunga yakamfaa.

Neno mbuga liliingia katika maandishi ya kisayansi ya Kiingereza kuhusu Tanganyika. Ajabu ni kwamba hapa kwetu Kenya neno hilo limepoteza udongo wake. Mtoto wa leo ukimtajia mbuga anawaza simba na watalii. Waingereza walilibeba na maana yake ya udongo, nasi tukabaki na wanyama.

Sasa tazama kilichotokea mahali ambapo mambo yalifanywa kwa pupa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Mwaka wa 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulitumwa Afrika Mashariki. Kwa majuma tisa hivi ujumbe huo ulizunguka, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza karanga zilimwe katika zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Wagogo walitegemea sana mifugo, na si kwa kukosa maarifa ya kulima. Walijua kwamba mvua ya kwao haina ahadi. Matingatinga yalipofika, udongo uliwasubiri. Kiangazi kilipoingia ulikauka ukawa kama tofali, karanga zikawa hazing’oki. Mnamo 1951 mradi ulitelekezwa, na takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimepotea. Mchanganuo wa kina wa udongo na mvua haukutangulia matrekta. Haraka haraka haina baraka.

Turejee nyumbani. Kenya ilianzisha shughuli rasmi ya kitaifa ya kupima udongo mwaka wa 1972, kwa msaada wa Uholanzi, makao yakiwa katika maabara za kilimo. Mwaka wa 1976 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likatoa mwongozo wa kutathmini ardhi. Wazo lake kuu ni jepesi: hakuna ardhi nzuri au mbaya hivihivi, kuna ardhi inayofaa au isiyofaa kwa matumizi fulani. Chukua mfano wa Mwea. Udongo wake mweusi unaoshika maji ni hazina kwa mpunga, lakini ukijenga nyumba ya mawe juu yake bila msingi wa maana, kuta zitapasuka. Udongo mwekundu wa Kiambu au Murang’a, wenye kina na usiotuamisha maji, unaifaa kahawa.

Mwaka wa 1982 ramani ya udongo ya nchi nzima ilichapishwa, kwa kipimo cha 1:1,000,000. Wataalamu walikuwa wamechimba mashimo, wakasoma matabaka, wakafikicha udongo vidoleni na kupeleka sampuli maabara. Kazi hiyo si haba hata kidogo. Hata hivyo, ramani na ripoti zake ni za Kiingereza. Udongo mwekundu wa kahawa sasa ni nitisoli, neno lililotokana na Kilatini kwa sababu udongo huo hung’aa ukiumega. Mbuga ni vertisoli, kutokana na neno la Kilatini la kugeuza. Mtaalamu anahitaji istilahi hizo ili aelewane na wenzake wa India au Brazil. Lakini mwenye shamba je?

Hapa ndipo penye jambo. Tangu Katiba ya 2010 ipitishwe, kilimo kwa sehemu kubwa ni jukumu la kaunti, na Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Hata hivyo kilimo hufundishwa shuleni kwa Kiingereza. Mkulima wa Uasin Gishu ambaye kila msimu ametia mbolea ileile ya kupandia huenda shamba lake limezidi asidi na linahitaji chokaa. Akipewa majibu ya maabara yaliyojaa vifupisho vya kigeni, atayakunja ayatie mfukoni, kisha arudi dukani kununua mbolea ileile. Viunga vya miji navyo vinazidi kumeza udongo mwekundu bora kwa nyumba za kupangisha, na mjadala huwa ni wa bei ya ploti tu.

Ninapendekeza mambo mawili. Mosi, maofisa wa kilimo wa kaunti washirikiane na vyuo vikuu kukusanya majina ya udongo katika lugha zetu kabla wazee wanaoyajua hawajatuacha, na majina hayo yaandikwe kwenye ramani sambamba na yale ya kimataifa. Pili, wanaisimu wakae na wataalamu wa udongo, watoe istilahi za Kiswahili kwa kuanza na zilizopo: mfinyanzi, kichanga, tifutifu, na hata mbuga kwa maana yake kongwe. Warusi walifanya hivyo kwa lugha ya wanavijiji wao, na dunia ikawafuata. Ramani isiyosomeka na anayeshika jembe haijamaliza kazi yake.