Mrejesho kwa Waombaji Kazi Waliokosa Nafasi: Maana, Utaratibu na Mipaka Yake

Kila mchakato wa ajira unapohitimishwa, waombaji wachache hupangiwa vituo vya kazi na wengi hubaki bila nafasi. Kwa walio wengi, swali kubwa huwa ni kwa nini wamekosa, na nini wafanye kabla ya tangazo lijalo. Taarifa inayojibu swali hilo ndiyo huitwa mrejesho. Mwombaji asiyeipata huweza kurudia kosa lilelile katika maombi mengi, au kuamini kuwa kazi hupatikana kwa kujuana tu.

Hali tatu za kukosa nafasi

Katika utumishi wa umma nchini Tanzania, mchakato wa ajira huendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichoundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya mwaka 2007. Maombi hupokelewa kupitia mfumo wa Ajira Portal, kisha huchambuliwa. Wanaokidhi vigezo huitwa kwenye usaili, ambao kulingana na kada huweza kuwa wa mchujo kwa maandishi, wa vitendo na wa mahojiano.

Kwa utaratibu huo, neno “kukosa” lina maana tatu. Kwanza, wapo ambao maombi yao hayakukidhi vigezo vya tangazo na hivyo hawakuitwa kwenye usaili. Pili, wapo walioitwa lakini hawakufikia alama zilizohitajika katika hatua mojawapo. Tatu, wapo waliofaulu lakini idadi yao ikazidi nafasi zilizokuwepo. Kundi hili la tatu huhifadhiwa katika kanzidata, na wahusika huweza kupangiwa kazi pale nafasi ya kada hiyo inapopatikana.

Mrejesho wenye manufaa humweleza mwombaji yumo katika hali ipi kati ya hizo. Aliyeambatisha cheti kisichokubalika anahitaji kurekebisha nyaraka zake, wala hana haja ya kujifunza upya taaluma yake. Aliyeshindwa katika mchujo anahitaji kujisomea. Aliyefaulu na kuwekwa katika kanzidata hana kosa la kurekebisha. Jibu moja la jumla kwa wote watatu haliwezi kumsaidia hata mmoja.

Kasoro zinazojitokeza katika maombi

Masharti yanayorudiwa katika matangazo ya kazi yanaonesha mahali ambapo maombi huweza kukwama. Mwombaji hutakiwa kuambatisha barua ya maombi iliyosainiwa, pamoja na vyeti vya elimu na taaluma. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliki badala ya vyeti. Waliosoma nje ya nchi hutakiwa vyeti vyao viwe vimehakikiwa na mamlaka husika, ambazo ni TCU, NACTVET au NECTA kulingana na ngazi ya elimu. Wenye majina yanayotofautiana katika nyaraka hutakiwa kuwa na uthibitisho wa kisheria wa mabadiliko hayo, na wa kada zinazosimamiwa na bodi za kitaaluma huwasilisha vyeti vya usajili na leseni za kufanyia kazi.

Kasoro za aina hii ndizo rahisi zaidi kutolewa mrejesho, kwa kuwa hazihitaji maelezo marefu. Sentensi moja, kwa mfano “barua ya maombi haikusainiwa”, inatosha kumwezesha mwombaji kurekebisha ombi lake kwa siku moja.

Sifa za mrejesho unaofaa

Mrejesho wa usaili wa mahojiano una uzito zaidi, kwa sababu unagusa namna mtu alivyojieleza. Ubora wake huanzia kwenye chumba cha usaili. Jopo linalotumia maswali yaleyale kwa wasailiwa wote, likatoa alama kwa vigezo vilivyoandaliwa mapema na kuandika sababu za alama hizo papo hapo, huwa na cha kueleza baadaye. Jopo lisiloweka kumbukumbu hubaki kukisia.

Mrejesho mzuri hutolewa mapema na kwa lugha ya staha. Hutaja kwanza eneo ambalo msailiwa alifanya vizuri, kisha eneo lililompunguzia alama, na mambo yote mawili hufungamanishwa na majukumu ya kazi iliyotangazwa. Kumwambia aliyeomba nafasi ya uhasibu kwamba “hakufanya vizuri” hakumsaidii. Kumwambia kwamba alieleza vyema uandaaji wa taarifa za fedha, lakini hakuweza kufafanua hatua za usuluhishi wa hesabu za benki, kunamwonesha mahali pa kuanzia. Maoni kuhusu tabia, mwonekano, lafudhi au asili ya mtu hayana nafasi katika mrejesho.

Wajibu wa kisheria na mipaka

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi ikiwemo kabila, dini, jinsi, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu na umri, na ulinzi huo unamhusu pia mwombaji kazi. Mlalamikaji akionesha dalili za awali za ubaguzi, mwajiri ndiye hutakiwa kuthibitisha kuwa haukufanyika. Kwa sababu hiyo, kumbukumbu za usaili ni kinga kwa mwajiri aliyetenda haki kama zilivyo msaada kwa mwombaji.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, na taasisi hutakiwa kujibu ndani ya siku 30. Hata hivyo, haki hiyo ina mipaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za kila mtu, hivyo mwombaji anaweza kuuliza kuhusu maombi na matokeo yake mwenyewe, si kudai vyeti au majibu ya msailiwa mwenzake. Vilevile, mrejesho si rufaa. Hautengui uamuzi uliofikiwa wala si ahadi ya kazi wakati mwingine.

Namna ya kuomba na kutumia mrejesho

Mwombaji anashauriwa kuanza kwa kuingia katika akaunti yake ya Ajira Portal na kuangalia hali ya ombi lake, kisha kulilinganisha na tangazo la kazi sharti kwa sharti. Akihitaji ufafanuzi zaidi, aandike kwa ufupi akitaja jina lake, kada aliyoomba, tarehe ya usaili na jambo analotaka kufahamu. Swali la “ni eneo gani nilipoteza alama?” hujibika kwa urahisi kuliko “kwa nini mliniacha?” Malalamiko na maoni kuhusu huduma ya taasisi za umma huweza pia kuwasilishwa kupitia mfumo wa e-Mrejesho.

Kwa waajiri wa sekta binafsi, hasa wenye wafanyakazi wachache, si lazima mrejesho uwe mrefu. Ujumbe mfupi unaomjulisha mwombaji kuwa mchakato umekwisha, hatua aliyofikia na sababu moja mahsusi, ni bora kuliko kumwacha akisubiri kwa miezi.

Pale taarifa rasmi zinapokosekana, matapeli hupata mwanya. Mtu asiyejua kwa nini amekosa nafasi ni rahisi kumwamini anayedai kuwa fedha kidogo zingeondoa kikwazo. Kazi ya umma haiuzwi, na anayeombwa fedha ili apatiwe nafasi anapaswa kutoa taarifa TAKUKURU kwa namba ya simu 113, ambayo haina malipo.