Mkoba wa Vyumba Sita: Mbadala wa Mfuko wa Plastiki kwa Wabebaji wa Chupa Mbeya na Iringa

Katazo la mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa lilianza kutekelezwa Tanzania Bara Juni 1, 2019, kufuatia tangazo lililotolewa bungeni jijini Dodoma mwezi Aprili mwaka huo na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mhe. Kassim Majaliwa. Wananchi walipata mbadala mapema kwa bidhaa nyingi: nyanya ziliingia kwenye kikapu, sukari kwenye karatasi, na nguo kwenye mifuko ya kitambaa. Bidhaa moja imeendelea kusumbua hadi leo, nayo ni chupa ya kioo.

Chupa za kioo ni sehemu ya biashara ya kila siku katika Nyanda za Juu Kusini. Jijini Mbeya kuna kiwanda cha bia na viwanda vya kujaza soda, na bidhaa zake husafirishwa kwa barabara kuu ya Tunduma na Dar es Salaam kupitia Makambako na Mafinga hadi Iringa, safari ya zaidi ya kilomita 300. Sehemu kubwa ya vinywaji hivyo hujazwa katika chupa zinazorudishwa kiwandani. Mnunuzi anayetaka kuondoka dukani na chupa hutakiwa kuleta chupa tupu au kuacha fedha ya dhamana. Chupa ikipasuka njiani hasara huwa mara mbili: kinywaji kimemwagika na dhamana haitarudi. Vipande vya kioo navyo hubaki barabarani kuwasubiri watoto wanaokwenda shule na matairi ya bodaboda.

Kreti ya plastiki ngumu hulinda chupa vizuri, lakini imetengenezwa kwa ajili ya gari na ghala. Anayenunua chupa nne au sita kwa ajili ya wageni hahitaji kreti, wala hawezi kupanda nayo daladala kwa raha. Kikapu cha milulu, ambacho wanawake wa Iringa wanasifika kwa kukisuka, kina nguvu ya kutosha, ila chupa zikilala ndani yake hugongana kila gari linapopita kwenye tuta. Kinachokosekana ni kuta za kuzitenganisha. Nchini Marekani tatizo kama hilo lilitatuliwa mwaka 1923, kampuni ya Coca-Cola ilipoanza kuuza soda katika boksi la chupa sita lenye mshikio. Boksi la karatasi, hata hivyo, haliwezi kustahimili masika ya Mbeya. Mkoba wa kitambaa unaweza, kwa kuwa hufuliwa, hukaushwa na kutumika tena.

Sheria inasemaje

Kanuni za Usimamizi wa Mazingira za mwaka 2019 kuhusu katazo la mifuko ya plastiki, zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), zinamgusa mzalishaji, muuzaji na mtumiaji. Anayepatikana akimiliki au kutumia mfuko uliokatazwa anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Kwa muuzaji, faini huanzia shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Vifungashio vya plastiki vya bidhaa za viwandani, huduma za afya, ujenzi, kilimo na usindikaji wa chakula havikujumuishwa katika katazo hilo. Msamaha huo haumruhusu mtu kugeuza kifungashio kuwa mfuko wa kubebea bidhaa.

Mifuko mbadala myepesi inayouzwa kwenye maduka, ile ambayo nyuzi zake zimegandishwa badala ya kufumwa, ina kiwango chake: uzito usiopungua gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Iliyo chini ya hapo hairuhusiwi, na hata iliyokidhi kiwango haifai kwa chupa sita zilizojaa. Chupa ya nusu lita ya kioo ikijazwa hukaribia kilo moja, hivyo chupa sita ni mzigo wa kilo tano hadi sita, tena wenye vitako vigumu vinavyosugua kitambaa mahali pale pale.

Kitambaa na vipimo

Kitambaa kinachofaa zaidi ni turubai la pamba au jinzi nzito. Suruali za jinzi za mitumba zinazopatikana Mwanjelwa jijini Mbeya au Mlandege mjini Iringa zinatosha kabisa, mradi fundi akwepe sehemu za magotini zilizokwisha chakaa. Kitenge kinapendeza na ndicho kinachomvutia mteja, lakini peke yake ni chepesi mno. Kitumike kama pambo juu ya turubai. Mifuko iliyowahi kubeba mbolea au viuatilifu isitumike hata ikifuliwa, kwa sababu mdomo wa chupa utagusa kitambaa na mdomo wa mtu utagusa chupa. Kitambaa cha pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo kitarudi baada ya kufuliwa mara ya kwanza na chupa hazitaingia tena.

Kipimo cha mkoba huanzia kwenye chupa yenyewe. Fundi azungushe futi kamba kwenye tumbo la chupa, agawanye mzingo huo kwa tatu, kisha aongeze kama sentimita moja na nusu. Chupa ya bia ya nusu lita ina mzingo wa takribani sentimita 22. Sehemu yake ya tatu ni 7.3, hivyo chumba cha sentimita 9 kwa 9 kinaitosha. Kikipunguzwa zaidi, chupa huingia kwa nguvu na hutoka kwa nguvu zaidi, na hapo mshono huanza kuachia. Kikiongezwa sana, chupa huinama na kugonga jirani yake kupitia kitambaa. Vyumba sita vya sentimita 9, vikipangwa mistari miwili ya vyumba vitatu, vinatoa kitako cha sentimita 27 kwa 18. Soda ndogo hutosheka na vyumba vya sentimita 8, yaani kitako cha 24 kwa 16.

Kwa mkoba wa bia au wa mchanganyiko, hukatwa kipande kimoja cha mwili chenye urefu wa sentimita 92 na kimo cha 32. Vipande viwili vya kitako vya 29 kwa 20. Kipande kimoja cha ukuta mrefu cha 29 kwa 42. Na vipande vinne vya kuta fupi, kila kimoja 11 kwa 42. Vipimo hivi vimejumuisha sentimita moja ya mshono kila upande na sentimita tatu za pindo la juu. Vikipangwa vizuri, vyote vinatoka kwenye sentimita 80 za kitambaa chenye upana wa sentimita 115. Huongezwa mkanda wa begi wenye upana wa sentimita 3 na urefu wa mita mbili na nusu, pamoja na utepe wa kufungia kingo.

Ushonaji

Cherehani ya kawaida ya miguu inaimudu kazi hii kwa sindano namba 16. Mahali ambapo turubai limekutana na mkanda, namba 18 ni salama zaidi. Uzi uwe wa poliesta, kwani wa pamba huoza kwa unyevu wa chupa za baridi.

Kazi huanza kwa kuta. Kila kipande cha ukuta hukunjwa katikati ili kimo cha 42 kiwe 21, upande wa nje ukiwa ndani. Ukingo wa chini hushonwa, kisha kipande hugeuzwa, na kinabaki ukuta wa safu mbili wenye kimo cha sentimita 20. Kwenye ukuta mrefu huchorwa mistari miwili ya wima kwa chaki, mmoja sentimita 10 na mwingine sentimita 19 kutoka ukingoni. Ukuta mfupi mmoja huwekwa upande huu wa mstari na mwingine upande wa pili, kila kimoja kikiuvuka mstari kwa sentimita moja, kisha mshono mmoja hupitishwa juu ya vyote. Vikifunuliwa, huonekana msalaba. Mstari wa pili hufanywa vivyo hivyo, na kiunzi cha vyumba sita kimekamilika.

Mwili wa mkoba hushughulikiwa ukiwa bado umelala mezani. Pindo la juu hukunjwa sentimita moja, kisha mbili, na kushonwa. Mistari sita huchorwa kutoka ukingo wa kushoto, kwenye sentimita 10, 19, 37, 55, 64 na 82. Hiyo ndiyo mistari ambayo kuta zitashikana na mwili, na kosa la nusu sentimita hapa litaonekana kwenye kila chumba. Mkanda hushonwa upande wa nje: kipande cha mita moja hupanda kutoka chini kwenye mstari wa 10, hutengeneza mshikio juu ya pindo, na hushuka kwenye mstari wa 19. Kingine hufanya hivyo kwenye 55 na 64. Sentimita tatu chini ya pindo, kila mguu wa mkanda hushonewa kisanduku chenye msalaba ndani yake. Mshikio unaoshonwa kwenye pindo peke yake, kama ilivyo kwa mikoba mingi ya sokoni, haufai kwa chupa. Uzito wote huangukia kwenye nyuzi chache za juu. Mkanda unaofika chini huubeba mzigo kutoka kwenye kitako.

Kiunzi hufungwa kwenye mwili kwa upande wa ndani, chini yake kikiachwa sentimita moja juu ya ukingo wa mwili. Fundi aanze na mstari wa 37, aende 19 na 55, kisha 10 na 64, na amalizie 82. Akianzia pembeni atajikuta amejifungia njia ya cherehani.

Kitako ni vipande viwili vilivyowekwa pamoja. Kati yake huweza kuwekwa bamba la sentimita 26 kwa 17 lililokatwa kwenye ndoo ngumu iliyopasuka. Kadibodi haifai kwa sababu haifuliki. Mikanda miwili iliyobaki, ya sentimita 20 kila mmoja, hushonwa upande wa chini wa kitako kabla bamba halijawekwa, kwenye sentimita 10 na 19 za urefu wake, ili ncha zake zikutane na mikanda ya ubavuni.

Hatua ya mwisho inatofautiana na ushonaji wa begi la kawaida. Mkoba wenye kuta zilizoshikana pande zote hauwezi kugeuzwa nje ndani. Kwa hiyo mshono wa pembeni na ule wa kitako hupigwa kwa nje, mara mbili, na kingo zake hufungwa kwa utepe. Utepe huo ndio unaopokea msuguano wa sakafu, na ukichakaa hubadilishwa bila kuufumua mkoba.

Kabla ya kuuza, chupa sita zijazwe maji, ziwekwe kwenye mkoba, na mkoba utundikwe kwenye msumari usiku kucha. Asubuhi uzi uliovutika utaonekana kwenye visanduku vya mshikio au kwenye pembe za kitako. Jaribio la pili ni kuutikisa mkoba. Sauti ya kioo ikisikika, vyumba ni vipana.

Kutoka chereko moja hadi kikundi

Kwa fundi wa mtaani, mkoba huu una soko linaloonekana: maduka ya jumla, waandaaji wa sherehe, wauzaji wa asali na mafuta ya alizeti. Iringa ina historia ya kazi za mikono zinazopata wanunuzi mbali na mkoa. Mfano ni kituo cha Neema Crafts cha Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kilichoanzishwa mwaka 2003 kuwapatia ajira watu wenye ulemavu, ambako ufumaji na ushonaji ni miongoni mwa shughuli zake.

Mtaji wa cherehani na kitambaa unaweza kuombwa kupitia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, na kikundi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa. Mafunzo ya ushonaji hutolewa na VETA, ambayo ina vyuo Mbeya na Iringa. Ofisi za SIDO katika mikoa hiyo miwili hutoa ushauri wa biashara pamoja na barua ya utambulisho ambayo mjasiriamali mdogo huiwasilisha Shirika la Viwango Tanzania (TBS) anapoomba alama ya ubora.

Kikundi kinachopokea oda ya kwanza kimuulize mteja aina ya chupa atakazobeba, na kama inawezekana kibaki na chupa moja ya mfano kwenye meza ya kukatia.