Linkin Park na "From Zero": Mambo Unafaa Kujua

Kama ulikuwa umemeza "Numb" yote ukiwa shule, hii ni yako.

Linkin Park ni bendi ya rock kutoka California. Albamu yao ya kwanza, "Hybrid Theory", ilitoka 2000. Chester Bennington, msee wa zile nduru za kuchoma roho, alifariki Julai 2017, na bendi ikanyamaza.

Septemba 2024 wakarudi na dem kwa maiki: Emily Armstrong wa bendi ya Dead Sara. Kwa dramu ni Colin Brittain, juu Rob Bourdon hakurudi. "From Zero" ikatoka Novemba 15, 2024, ikiwa albamu yao ya nane. Ina ngoma 11.

Mbona hilo jina? Kabla waitwe Linkin Park, walikuwa Xero. Ni kama wanakuambia wameanza tena chini kabisa.

Kuna mashabiki walikataa hii kitu, juu kwao Chester ni mmoja tu. Ni ukweli, lakini sauti ya Emily ni yake mwenyewe.

Anza na "The Emptiness Machine". Mike Shinoda ndiye anaimba kwanza, halafu Emily anaingia. Ukifika hapo utajijua: uko ndani, ama bado unaomboleza. Zote ni sawa.