Mgeni Asiyekula Nyama

Mwezi Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Malindi. Bandarini Wareno walikuta meli nne za wafanyabiashara kutoka Bara Hindi, na kwa kuwa walikuwa wametoka kwao na hamu ya kukuta Wakristo upande huu wa dunia, wakaamua kwamba hao ndio. Wakawapandisha melini, wakawaonyesha picha ya Bikira Maria chini ya msalaba, na wageni wakasujudu. Baadaye Wahindi hao walipowashangilia kwa mizinga na vifijo, masikio ya Wareno yakasikia jina la Kristo. Huenda lililotajwa lilikuwa Krishna. Mwandishi wa shajara ya safari ile akamalizia kwa jambo dogo, kama anayenyunyiza chumvi: watu hawa walisema hawali nyama ya ng'ombe.

Mkristo gani wa Lisbon angeiacha nyama ya ng'ombe kama si Kwaresima? Na Kwaresima ilikuwa imekwisha; Pasaka iliwakuta hapo hapo Malindi. Jawabu mwandishi yule aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, asilione. Wenyeji wa Malindi hawakuwa na tatizo hilo. Kwao wageni hawa walikuwa watu wa kila kaskazi, wanakuja na vitambaa na shanga, wanauza, wananunua, na ikifika saa ya kula wanajitenga.

Huko walikotoka, Gujarat na Kutch, suala la nani ale nini lilikuwa limekwisha kuzeeka. Katika rasi ya Kathiawar, nje ya mji wa Junagadh, chini ya mlima Girnar, kuna jiwe kubwa ambalo mfalme Ashoka aliamuru lichongwe maandishi katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Anasema humo kwamba zamani jiko lake lilichinja wanyama kwa maelfu kila siku, na kwamba sasa wanachinjwa watatu tu, tausi wawili na paa mmoja, na huyo paa si kila siku. Hata hao, anaahidi, wataachwa. Nampenda Ashoka kwa wale tausi wawili. Mtawala mwingine angetangaza kuwa ameacha nyama kabisa, kisha apikiwe usiku. Yeye aliandika hesabu yake kwenye jiwe, pamoja na deni lililobaki. Na kwenye jiwe hilo hilo, katika amri nyingine, anawataka watu wa dini mbalimbali waheshimu mafundisho ya wenzao na wachunge ndimi zao.

Miaka elfu moja na mia nane baadaye, mwaka 1583, mtawa wa Kijaini kutoka Gujarat, Hiravijaya Suri, alifika Fatehpur Sikri kwa mwaliko wa Akbar, mfalme Mwislamu aliyependa sana kuwinda. Alifika kwa miguu, maana watawa wa Kijaini hawapandi mnyama. Baada ya mazungumzo yao Akbar alitoa amri za kuzuia uchinjaji katika siku za Paryushan, ambazo kwa Wajaini ni siku za toba na kufunga. Hakuwaambia raia wake waache nyama. Aliwaagiza wasichinje kwa siku hizo, halafu waendelee na bucha zao.

Basi watu waliovuka bahari kuja kwetu walikuwa wamezoea kuishi na majirani wanaokula nyama. Wasichokuwa wamezoea ni sinia.

Mswahili hali peke yake kama anaweza kuepuka. Wali unapakuliwa kwenye sinia, kitoweo kinawekwa katikati, mikono inanawishwa, watu wanazunguka. Anayepita anaitwa, “Karibu!” naye anajibu, “Starehe!” na hata jibu hilo la kukataa lina adabu zake. Kumkatalia mtu chakula alichokuandalia nyumbani kwake ni kumkataa yeye mwenyewe. Sasa mfikirie mgeni ambaye hatii mkono kwenye sinia hilo hata siku moja, ana mpishi wake, mtungi wake wa maji, sufuria zake, na akialikwa arusini anakubali tambuu na nazi tu. Pwani iliwaita watu hawa Mabaniani, jina lililotokana na neno la Kigujarati la mfanyabiashara, ambalo leo wengine hawapendi kuitwa. Na pwani iliwasema. Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Mara nyingi nimejiuliza kiatu hicho kilikuwa cha ngozi gani, maana mwenyewe ng'ombe hamgusi.

Tusidanganyane: chungu cha Baniani hakikutengwa kwa sababu ya nyama peke yake. Kulikuwa na mambo ya tabaka, ya nani ni safi na nani ananajisi, na jirani aliyekatazwa kugusa mtungi wa maji alijua vizuri kwamba hiyo si habari ya mbuzi wala kuku. Wanaopamba historia ya ujirani wa pwani hulipita jambo hili kwa haraka.

Lipo na jingine zito zaidi. Tangu enzi za Seyyid Said, forodha ya Unguja ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Mundra huko Kutch. Wabhatia ni Wahindu wasiokula nyama. Wakala wake, Ladha Damji, ndiye ambaye wasafiri wa Kizungu walimkuta mjini akishika mahesabu ya kisiwa kizima. Mtu huyu asingevunja yai. Lakini forodha ilitoza ushuru wa pembe za ndovu, na ndovu haachi pembe zake akiwa hai. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilikwenda Bara Hindi kuchongwa bangili za maarusi, pamoja na maarusi wa nyumba zisizopika nyama. Forodha ilitoza pia ushuru wa watumwa. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Rigby, aliwalazimisha Wahindi aliowahesabu kuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaacha huru watumwa wao, na walioachwa walikuwa maelfu. Huruma kwa kiumbe, kumbe, inaweza kuishia mlangoni mwa jiko.

Pamoja na hayo yote, kuna swali linalonishughulisha: mbona majirani hawa hawakupigana kwa sababu ya chakula?

Jawabu langu ni kwamba ujirani huu una mteremko. Anayekula kila kitu anaweza kuketi kwa asiyekula nyama, akashiba, akashukuru, akaenda zake. Kinyume chake hakiwezekani. Kwa hiyo asiyekula nyama ni mgeni mgumu, na watu humwona ana maringo. Lakini akiwa mwenyeji, chakula chake hakina masharti kwa yeyote. Kwa Mwislamu wa pwani kulikuwa na nafuu ya ziada. Kwake haitoshi nyama kuwa nyama tu. Lazima ajue imechinjwa na nani, na kwa jina la nani. Bajia haina mchinjaji. Sahani ya dengu iliyotoka kwa Mhindu haikuhitaji kuulizwa swali la machinjo.

Ndiyo maana, ukitazama vilivyovuka kutoka jiko lile kuja hili, vingi havina damu: chapati, bajia, kachori, achari, kachumbari. Tazama bakuli la urojo pale Unguja. Chini ni uji mwembamba wa unga, mkali kwa embe na ndimu. Ndani yake bajia, kachori, vipande vya viazi. Juu, chipsi za muhogo na chatne. Mishikaki au yai huja mwisho kabisa, na muuzaji hukuuliza kwanza. Bakuli zima limejengwa kwa namna ambayo nyama inaweza kuondolewa na chakula kikabaki chakula. Jaribu kufanya hivyo kwa biriani.

Mwaka 1893 alipita pwani hii kijana wa Kathiawar aliyekuwa amelipa gharama za somo hili. Mohandas Gandhi alikuwa njiani kwenda Durban kumtumikia mfanyabiashara Mwislamu. Meli yake ilisimama Lamu, ambako nusura aachwe na meli, kisha Mombasa, kisha Unguja kwa zaidi ya wiki moja. Utotoni, rafiki yake mmoja Mwislamu alimshawishi kwamba Waingereza wanatawala kwa sababu wanakula nyama, wakaenda kujificha kando ya mto kula mbuzi na mkate. Usiku ule hakulala vizuri. Ilikuwa kana kwamba mbuzi analia tumboni mwake. Hata hivyo alirudia mara kadhaa, na alipoacha, kilichomfanya aache si yule mbuzi bali uongo aliokuwa akiwaambia wazazi wake.

Mwaka huo huo wa 1893, huko Bombay alikopandia meli, Wahindu na Waislamu waliuana katika ghasia ambazo ugomvi wa kuchinja ng'ombe ulikuwa miongoni mwa vichocheo vyake. Kwa hiyo tusidhani watu wa Gujarat na Bombay walizaliwa na subira ambayo wengine hawana.

Yaliyofuata Afrika Kusini yanastahili kutazamwa kwa karibu. Mwaka 1910, karibu na Johannesburg, Gandhi na rafiki yake Hermann Kallenbach, msanifu majengo wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, walianzisha shamba walilolipa jina la Tolstoy, la kuhifadhi familia za waliofungwa katika mapambano ya Wahindi ya kudai haki zao. Wakaja Wahindu, Waislamu, Wakristo na Waparsi, na jiko likawa moja. Gandhi alijiandaa kwa jambo lililomwumiza: Waislamu na Wakristo wakitaka nyama, hata ya ng'ombe, ni haki yao na itapikwa. Aliwauliza. Wakasema wataishi bila nyama. Mwezi wa Ramadhani ulipofika, aliwahimiza vijana wasio Waislamu wafunge pamoja na wenzao. Hao wengine walikula kabla jua halijazama, wakabaki na nafasi ya kuwapikia Waislamu futari na kuwahudumia. Sidhani jambo hilo lingefaulu kama Gandhi angeanza kwa kupiga marufuku.

Kwetu, wakati huo, reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu. Kati ya 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuijenga, na aliyepewa kandarasi ya kuwapatia chakula alikuwa A. M. Jeevanjee, Mwislamu wa Kibohora kutoka Karachi. Nyuma yao wakaja Wajaini, hasa Waoshwal, wakulima wa vijiji vya Jamnagar waliosukumwa na ukame. Njaa ya 1899 na 1900 bado inakumbukwa Gujarat kwa jina lake mwenyewe. Hao walileta sharti ambalo hata Mabaniani wengine waliliona kali. Mjaini anayeshika dini yake barabara hali kinachong'olewa chini ya ardhi: kitunguu, kitunguu saumu, karoti, kiazi. Kung'oa mzizi ni kuua mmea mzima na wadudu walio pamoja nao. Ebu mpeleke mtu huyo pwani, penye muhogo asubuhi na viazi vitamu jioni! Hata ule urojo niliousifu hapo juu haugusi. Wajaini wakageukia ndizi mbichi, wakaifanyia kila kitu ambacho wengine hufanyia kiazi, na nakuhakikishia bajia ya ndizi mbichi haina cha kuombea radhi.

Mwaka 1963 walifungua hekalu lao la marumaru nyeupe Mombasa, barabara ya Langoni. Anayeingia huacha viatu nje, na mkanda pia kama ni wa ngozi. Nimeona wanaume watu wazima wameshika suruali kwa mkono mmoja huku wakistaajabia nguzo.

Ugomvi wa chakula uliozua vurugu kwetu haukuwa wa wala nyama na wasiokula. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mzozo wa nani achinje nyama ya kuuza ulimwua mchungaji. Pande zote zilikuwa za wala nyama. Wao hawana ule mteremko nilioutaja. Kila mmoja ana kisu chake, na kila mmoja anataka mwenzake anunue nyama iliyopita chini ya kisu hicho.

Ramadhani moja nilialikwa kufuturu kwa jamaa zangu Mombasa, si mbali na Langoni. Ghorofa ya juu anakaa mama wa Kioshwal, bibi wa makamo, anayefuata ile desturi ya Kijaini ya kutokula jua likishazama. Robo saa hivi kabla ya adhana, mjukuu wake aligonga mlango na sahani iliyofunikwa kitambaa. “Bibi anasema hizi za ndizi.” Zilikuwa bado za moto. Juu, sauti za vyombo zilisikika. Walikuwa wakiosha, siku yao ya kula imekwisha. Chini, ndiyo kwanza tunapanga vikombe vya uji.

Sahani ya jirani hairudi tupu, hilo hata mtoto wa pwani anajua. Jikoni kulikuwa na sambusa za nyama, kaimati, viazi vya nazi na sufuria ya mchuzi wa kuku. Shangazi hakuvitupia jicho. Aliisuuza sahani mara mbili, akaikausha kwa kitambaa kisafi alichokitoa kabatini, akapanga tende na embe mbili zilizoiva.

“Mwambie bibi ni za kesho,” akamwambia mtoto. “Leo kwake kumeshakuchwa.”